Sarafu za kale safarini kwa ndege: begi la mkononi, mzigo wa kukabidhi au kutuma kwa bima?

Mwenye sarafu za kale anayepanda ndege ana njia tatu. Anaweza kuzibeba mwenyewe kwenye begi la mkononi, kuzitia kwenye mzigo anaoukabidhi kaunta, au kuzitanguliza kwa msafirishaji mwenye bima. Wengi huchagua njia isiyo na usumbufu. Kuna maswali mawili yanayofaa kutangulia usumbufu: zikipotea, nani atalipa na kiasi gani? Na mkaguzi akizitazama kwenye skrini, ataona nini? Ukiyajibu hayo, mzigo wa kukabidhi unatoka kwenye mashindano mapema sana, na kazi inabaki kuchagua kati ya njia mbili nyingine.

Tuchukue mfano wa mkusanyiko wa pwani unaokwenda mnadani London kutoka Dar es Salaam. Ndani yake mna reale 30 za Maria Theresa (sarafu kubwa za fedha zenye sura ya malkia huyo wa Austria), rupia chache za Mombasa za mwaka 1888, riale moja ya Sultani Barghash wa Zanzibar yenye tarehe 1299 Hijria (1882), na sarafu moja ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ile yenye tembo na mlima nyuma yake. Reale moja ina gramu 28.07, kwa hiyo zile 30 peke yake ni gramu 842. Ile ya Tabora ina gramu 7.17 tu, lakini ikiwa katika hali nzuri huuzwa kwa dola elfu kadhaa. Tofauti hii ya uzito na thamani ndiyo inayofanya jibu lisiwe moja kwa sarafu zote.

| | Begi la mkononi | Mzigo wa kukabidhi | Kutuma kwa bima |
|---|---|---|---|
| Anayezishika | Wewe | Wapakiaji na wakaguzi usiowaona | Msafirishaji, kwa saini kila zinapopokezwa |
| Fidia usipolipia ziada | Shirika likithibitika lina kosa tu | Hadi SDR 1,519 (takriban dola 2,000) kwa abiria | SDR 26 kwa kilo, zikienda kama shehena ya ndege |
| Zinakokwama | Ukaguzi, kikomo cha kilo | Wizi, masharti ya tiketi | Forodha, gharama |
| Zinazofaa | Chache, nyepesi, za bei | Vifaa na vitabu | Nyingi, nzito, au za bei kubwa mno |

Nani analipa

SDR ni kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha Duniani. Mkataba wa Montreal wa 1999, unaotawala safari nyingi za kimataifa, unaweka kikomo cha fidia ya mizigo kuwa SDR 1,519 kwa kila abiria tangu 28 Desemba 2024. Hizo ni takriban dola 2,000 za Marekani, na zinahesabia begi zima: nguo, viatu na sarafu pamoja. Ile moja ya Tabora inaweza kuvuka kikomo hicho peke yake.

Hata kabla ya kufika kwenye kikomo, kuna kizingiti kingine. Soma masharti ya usafirishaji ya shirika lako. Karibu yote yana kifungu kinachokataza fedha, vito, madini ya thamani na hati za thamani ndani ya mzigo wa kukabidhi, na shirika litakitumia kukataa dai lako. Mkataba unaruhusu abiria kutangaza thamani kubwa zaidi kaunta na kulipia ziada, lakini uliza shirika mapema kama litalipokea tangazo hilo kwa sarafu. Halafu kulitangaza kwenye foleni, mbele ya watu thelathini, ni kuwaambia wote kilichomo.

Kwenye begi la mkononi shirika hulipa tu likiwa na kosa. Maana yake ni kwamba bima ni juu yako. Unapoikata uliza mambo matatu kwa maandishi: je, inafuata sarafu nje ya nchi, je, inalipa zikitoweka bila dalili ya kuvunjwa kitu, na je, inakataa mzigo ulioachwa bila mtu. Swali la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Kibegi kilichoachwa kitini dakika mbili ukienda msalani huhesabiwa kuwa kimeachwa.

Kwa upande wa kutuma, jihadhari na kifurushi cha kawaida cha ndege. Kikomo cha shehena katika mkataba uleule ni SDR 26 kwa kilo, yaani kifurushi cha kilo moja chenye dhahabu kinafidiwa kwa kitu kama dola 35 ikiwa hukutangaza thamani wala kukata bima. Kampuni nyingi za kutuma vifurushi kwa haraka zinaweka sarafu na dhahabu kwenye orodha ya visivyopokelewa. Ukiziandika "vifaa vya chuma" ili zipite, bima yote imekufa hapo hapo. Posta nayo ina sharti lake: kwa kanuni za Umoja wa Posta Duniani, sarafu na madini ya thamani hayaruhusiwi kwenye barua isiyo na bima, hupita kwenye kifurushi chenye bima, na ni pale tu nchi zote mbili zinapokubali. Wanaobaki ni wasafirishaji wa mali za thamani kama Brink's na Malca-Amit. Hao huchukua mlangoni na kukabidhi mlangoni, hupokea thamani uliyotangaza na kushughulikia forodha. Wana kiwango cha chini cha malipo, kwa hiyo kwa sarafu tano haina maana, ila kwa mkusanyiko mzima hesabu hubadilika. Kabla ya kuwalipa, uliza nyumba ya mnada kama ina mkataba nao tayari, na bima yake inaanzia wapi: sarafu zikitoka mkononi mwako au zikifika kwao.

Mkaguzi anaona nini

Hapa ndipo begi la mkononi hushinda au kushindwa, na mengi yako mikononi mwako.

Mashine ya eksirei hupaka rangi kulingana na kitu kilivyo. Chakula, karatasi, nguo na plastiki huonekana rangi ya chungwa. Kioo na metali nyepesi huwa kijani. Chuma, shaba na fedha huwa buluu. Pale mionzi isipopenya kabisa panakuwa peusi, na sheria ya mkaguzi ni rahisi: peusi pafunguliwe, kwa sababu hajui kilichofichwa nyuma yake.

Sasa ziangalie reale zilezile zikiwa zimepangwa kwa namna tatu. Reale 20 ndani ya bomba la plastiki zinafanya gogo la fedha lenye kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa sentimita 5 hivi. Kwenye skrini ni kipande cheusi cha mviringo. Kikikaa karibu na chaja, betri ya ziada na waya za simu, picha inayotoka ni ya metali nzito iliyounganishwa na nyaya na betri, na begi hilo halitapita bila kufunguliwa. Zipange reale hizohizo kwenye kurasa za albamu zenye vifuko 20, ukurasa mmoja ukilala bapa kwenye trei, na mkaguzi anaona duara ishirini za buluu iliyoiva, unene wa milimita mbili na nusu kila moja. Hakuna aliyewahi kuhitaji maelezo kuelewa kwamba hizo ni sarafu. Lakini rundika kurasa tano moja juu ya nyingine, vifuko vikielekeana, na umerudi kwenye gogo.

Namna ya tatu ni vikasha vya plastiki vilivyofungwa na kampuni za upimaji wa sarafu kama NGC na PCGS. Sarafu iko salama sana humo, ila kasha la kubebea vikasha 20 huvisimamisha wima kwa mstari. Mionzi ikishuka kutoka juu inapita sarafu ubavuni, na badala ya milimita mbili inakutana na sentimita mbili hadi nne za metali. Ikitoka kando, sarafu zote ishirini zimejipanga nyuma ya mojawapo. Kwa vyovyote ni nyeusi. Vitoe, vilaze kwenye mfuko bapa wa kitambaa, safu moja au mbili tu, safu ya juu ikisogezwa kidogo isilale sawasawa na ya chini. Kasha tupu liende kwenye mzigo wa kukabidhi.

Mashine mpya zinazozungusha picha pande zote humpa mkaguzi nafasi nzuri zaidi, lakini rundo la metali huacha michirizi kwenye picha zake pia. Mpangilio bapa unafaa kila mahali.

Mionzi yenyewe haidhuru sarafu, stempu, noti wala saa. Kinachodhurika ni filamu ya kamera isiyosafishwa. Hiyo iombee ukaguzi wa mkono, na usiitie kamwe kwenye mzigo wa kukabidhi.

Mezani kwenye trei

Mkaguzi akitaka kufungua ni haki yake. Lililo juu yako ni wapi afungulie na nini kiguswe. Kabla mfuko haujaingia kwenye mkanda, sema kwa sauti ya kawaida: "Nina vitu vya thamani na ni dhaifu, vikihitaji kufunguliwa naomba iwe pembeni." Usitaje dhahabu, usitaje bei. Marekani ukaguzi wa faragha unaruhusiwa kuombwa na abiria yeyote, pamoja na shahidi wake. Viwanja vingine vingi hukubali ukiomba mapema na kwa adabu, na hukasirika ukianza kuomba begi likiwa limeshafunguliwa.

Wezi wa viwanja vya ndege hawavunji kitu. Husubiri upande wa pili wa mkanda wakati wewe umezuiliwa kwenye lango la kukagua mwili. Kwa hiyo mfuko wa sarafu uwe wa mwisho kuingia, baada ya viatu, mkanda wa kiunoni na kompyuta, na uuachie pale tu aliye mbele yako anapokuwa amevuka na lango liko wazi. Ukitolewa kando kupapaswa, onyesha trei yako na uombe iletwe mbele ya macho yako. Usizitie mfukoni kwa kudhani utapita nazo. Lango litalia na utazimwaga mbele ya kila mtu.

Zinapofunguliwa, tahadhari kubwa ni kile kitambaa kidogo cha kupimia mabaki ya milipuko. Kikipakwa juu ya sarafu ya fedha au shaba isiyo na kifuniko huacha mikwaruzo myembamba kama nywele, na mpimaji wa mnadani ataiona chini ya lenzi. Mwombe apake nje ya kifuko au kikasha; kipimo hakipungukiwi kitu. Weka jozi mbili za glavu za nitrile juu kabisa ya mfuko. Mkaguzi akizikuta, mara nyingi huzivaa bila kuambiwa. Vifuko viwe vya plastiki ya Mylar au vikasha vigumu, si vile laini vya PVC vinavyotoa utomvu wa kijani kwenye joto. Asetoni ya kusafishia sarafu iache nyumbani, ni kimiminika kinachowaka.

Hesabu pia idadi ya mashine. Kutoka Dar es Salaam kupitia Doha au Addis Ababa, mfuko unapita kwenye mkanda ukiingia jengo la abiria, tena kabla ya kupanda, halafu tena mnapobadilisha ndege. Kila kituo ni nafasi ya kufunguliwa. Safari yenye vituo viwili vya kubadilisha, na usiku wa kulala katikati, ni sababu nzuri ya kuanza kufikiria kutuma.

Uzito na ndege ndogo

Mashirika mengi yanaruhusu kilo 7 tu mkononi kwa daraja la kawaida. Gramu 842 za reale, rupia, vikasha, albamu na kompyuta vitakufikisha hapo haraka, na wa kaunta akipima na kukuta kilo 10 atataka begi lishuke chini. Ndege za ATR na Dash 8 zinazokwenda visiwani na mikoani zina vishubaka vidogo vya juu, na mara nyingi begi la magurudumu huchukuliwa mlangoni mwa ndege na kupakiwa nyuma. Dawa ni moja: sarafu zikae kwenye mfuko mdogo unaochomoka, wenye upana wa kitabu, unaoweza kuingia chini ya kiti cha mbele. Begi likichukuliwa, mfuko unabaki nawe. Usiuweke kwenye kishubaka cha juu, hata kwenye ndege kubwa. Usiku watu wakilala mikono mingine huwa macho.

Kwa reale zile 30, ushauri wetu ni kuzigawa. Zile zenye bei ya kawaida hazistahili kubebwa London kabisa, maana ni sarafu iliyopigwa kwa mamilioni. Peleka zile zenye alama zinazotafutwa na wakusanyaji, na Tabora, riale na rupia za Mombasa ziende nazo mkononi.

Forodha haijali njia

Sheria za forodha zinabana sawa, uwe umebeba au umetuma, ila anayetuma hukutana nazo kwenye karatasi na anayebeba hukutana nazo uso kwa uso.

Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nje kunahitaji kibali. Sarafu za masultani wa kale wa Kilwa zimo. Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, kwa hiyo rupia ya Mombasa ya 1888, ingawa ilipigwa Uingereza, inaingia humo ikitokea Nairobi. Ya Tabora ya 1916 haimo kwa umri katika nchi yoyote kati ya hizo mbili. Reale ndiyo hutatanisha: imeandikwa 1780, lakini tarehe hiyo iligandishwa baada ya kifo cha malkia na sarafu zimeendelea kupigwa hadi karne ya ishirini na baada yake. Ofisa akisoma 1780 ana haki ya kukusimamisha. Beba maelezo ya mtaalamu au ya kampuni ya upimaji yanayosema ni toleo la baadaye.

Upande wa kuingilia, Uingereza kwa kawaida hutoza kodi ya asilimia 5 kwa sarafu za mkusanyiko, na nyumba za mnada hutumia utaratibu wa kuingiza kwa muda ili alipe mnunuzi. Umoja wa Ulaya unataka tangazo la fedha kuanzia euro 10,000, na sarafu zenye dhahabu ya asilimia 90 au zaidi zinahesabiwa ndani yake. Krugerrand, sarafu ya dhahabu ya Afrika Kusini, inaingia; ya Tabora yenye asilimia 75 haiingii kwenye hesabu hiyo, lakini bado ni bidhaa ya kutangazwa. Vilevile tangu 28 Juni 2025 Umoja huo unataka leseni ya kuingiza vitu vilivyochimbuliwa ardhini vyenye zaidi ya miaka 250, bei yoyote iwayo. Ya Kilwa bila karatasi za kuonyesha ilitokaje nchini, usiipandishe ndege. Marekani, fedha na hati za fedha zinazozidi dola 10,000 hujaziwa fomu ya FinCEN 105, na sarafu za dhahabu hutangazwa. Kubeba si kosa, kutotangaza ndilo kosa.

Andaa orodha mbili. Ya kwanza ina picha za pande zote mbili, uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, kipenyo, namba ya cheti na bei. Hiyo ni ya forodha na bima. Ya pili ni hiyohiyo bila bei, ya kumwonyesha mkaguzi wa usalama. Kama unapanga kurudi na zisizouzwa, zionyeshe kwa ofisa wa forodha kabla ya kuondoka na uchukue karatasi yenye muhuri, la sivyo utaulizwa kodi ya vitu vyako mwenyewe ukirudi.

Visivyo sarafu

Stempu na noti za kale ni nyepesi na hazina utata kwenye mashine. Ziende mkononi, noti zikiwa zimetawanywa kwenye kurasa zisifanane na bunda la fedha taslimu. Saa moja ivae, zilizobaki zilaze bapa. Jambia ni habari nyingine. Marekani hairuhusu kisu cha aina hiyo ndani ya ndege, na Ulaya huishia kwenye ubapa wa sentimita 6, kwa hiyo haliwezi kwenda mkononi hata kama ala yake ni ya fedha tupu. Hapa kutuma kwa bima kunashinda wazi. Kabla ya hapo hakikisha mpini: ukiwa wa pembe ya kifaru au ya ndovu, bila kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini) litakamatwa, na umri wake peke yake haukuokoi.

Zikikosekana

Ikitokea hatimaye kitu kikapakiwa chini na kikakosekana, usitoke kwenye ukumbi wa kuwasili bila ripoti ya maandishi yenye namba. Kwa kilichoharibika, malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea begi. Kwa lililochelewa, siku 21 tangu ulipolipokea. Begi lisilofika kwa siku 21 unaweza kulidai kama lililopotea, na kesi ifunguliwe ndani ya miaka miwili. Kwa walioibiwa kwenye mkanda wa ukaguzi, njia ni polisi wa uwanja palepale. Taja namba ya lango la ukaguzi na saa kamili, ili kamera zitazamwe kabla rekodi hazijafutwa.